Bunduki fupi isiyo na kitako: ni nani atabaki nayo usiku?

Tangu tarehe 13 Marsi 2024, siku Wizara ya Sheria ilipotoa barua ya kuondoa ule usimamisho wa adhabu ya kifo uliodumu tangu mwaka 2003, serikali imesema wazi kwamba wanyang'anyi wa muji, wale wanaoua watu, nao wako ku liste. Mwanzo wa mwaka 2025, wahukumiwa zaidi ya 170 walitolewa Kinshasa wakapelekwa mbali, ku gereza la Angenga, mu jimbo la Mongala. Watu wengi walipiga makofi. Lakini mu kartie zetu, saa nane ya usiku, wakati mubwa wa jirani anaanza kubweka, hayo maneno makali ya Kinshasa hayawashi taa wala hayafungi mulango.

Njo pale biashara ingine inaingia. Mutu anakuja polepole, anasema iko na kitu ya kulinda nyumba: kalibre 12, fupi, kitako kimetolewa, mahali pake kuko mushikio kama wa pistole. "Papa, hii haina mambo mingi. Unaweka chini ya kitanda. Mwivi akiingia, unapiga tu, ata kulenga hakuna, masasi inajaza nyumba yote." Wengine wameiona mu filamu, mutu anapiga kwa mukono mumoja huku anatembea, na adui sita wanaanguka. Yule musanii hana bega linalouma kesho yake, na watoto wake hawalali nyuma ya kitambaa upande wa pili wa chumba.

Tunaandika haya kwa familia za mine, sababu njo ninyi munatafutwa. Mutu wa mine anajulikana siku ya mushahara. Mukrezeri anayetoka kuuza Musompo anajulikana ata zaidi, ju ya franka yake ni ya mukononi, si ya benki. Woga wenu si wa kubuni, na hatutawaambia mukae mukikunja mikono. Tunasema kitu kimoja tu: hii bunduki ni mbaya hata kwa ile kazi wanasema inafaa. Tuone kwa nini.

Kitako si mapambo

Kwanza jina. Kalibre 12 maana yake si milimita 12. Ni hesabu ya zamani: ukichukua livre moja ya risasi ya Waingereza, yaani gramu 453 hivi, ukaigawa vitufe 12 vilivyo sawa, kila kitufe kinaenea mu bomba la hiyo bunduki. Bomba hilo liko na upana wa milimita 18 na nusu hivi. Ni shimo kubwa. Kinachotoka mule ni kizito, na kile kinachoenda mbele kwa nguvu kinasukuma nyuma kwa nguvu.

Sasa, wenye kushika marteau-piqueur mutatuelewa bila kelele. Hakuna hata mumoja wenu anayetoboa jiwe akiwa amenyoosha mukono, mashine ikining'inia ku kifundo. Unaweka mwili nyuma yake. Unafunga miguu, unaegemeza, na lile tetemo linaenda mu mwili muzima, halibaki mahali pamoja. Kitako cha bunduki njo kazi yake. Bunduki ya kawaida inashika mutu mahali mane: mukono wa mbele, mukono wa nyuma, bega, na shavu linalolala juu ya mbao. Toa kitako, bega limeondoka. Shavu nalo limeondoka. Inabaki mikono miwili, na teke lote linaingia mu kifundo cha mukono na mu nyama iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha kwanza.

Zaidi ya hapo, bunduki iliyokatwa imekuwa nyepesi, na bunduki nyepesi inapiga teke zaidi kwa kartushi ileile. Mutu aliyeuziwa kitu "chepesi cha mwanamuke" ameuziwa teke kubwa zaidi, na ameondolewa bega la kulipokea.

Basi mutu atashika namna gani? Kuko namna mbili. Anaweza kuiinua mbele ya macho ili alenge. Hapo iko mbele ya meno yake, na mikono ikilegea kidogo, chuma kinarudi ku mudomo ama ku pua. Ama anaishusha ku kiuno, kama mu filamu. Meno yamepona, lakini kulenga kumekwisha. Ku kiuno mutu hana jicho juu ya bomba; anabahatisha. Mu mwanga, bila woga, kwa mutu aliyefanya mazoezi sana, anaweza kupata. Mu giza, umeamka sasa hivi, moyo unapiga sawa injini, mikono inatetemeka, ni kubahatisha kabisa.

Na musifikiri mutapiga mara moja tu. Zile za kuvuta mbele na nyuma, zinazoitwa pompe, zinaomba kuvutwa mpaka mwisho ili kartushi ya pili iingie. Mutu aliyepigwa teke mu kifundo, bunduki imeruka juu, hana bega la kuegemeza, mara nyingi anavuta nusu. Kartushi inakwama. Ile nyingine, ya bomba moja inayovunjwa katikati, inayojulikana sana kwetu, inaomba uifungue, utoe ganda, uingize kartushi, uifunge, vyote gizani. Kama risasi ya kwanza imeenda ku plafo, mwivi iko na wakati wa kutosha kufika kwako.

"Inajaza nyumba yote"

Hii njo uongo mukubwa, na inaua watu, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Kartushi ya kawaida ya shevrotini, ile namba 00, inabeba vidonge 9, kila kimoja milimita 8 na kitu. Vikitoka vinaanza kuachana, lakini polepole sana. Hesabu ya wawindaji ni karibu sentimita 2 na nusu kwa kila metre. Pima chumba chako. Kutoka kitanda mpaka mulango, mu nyumba nyingi za kartie, ni metre 3 ama 4. Kwa mwendo huo, vidonge vyote 9 bado viko pamoja, upana wa kikombe cha chai, labda wa sahani ndogo. Bomba likikatwa vinafunguka kidogo zaidi, lakini si sawa mwavuli. Maana yake: ndani ya nyumba, unapaswa kulenga kalibre 12 sawa unavyolenga bunduki ingine yote. Yule aliyekwambia "piga tu" amekuuzia kitu ambacho njo kigumu kulenga, akakwambia kulenga hakuna lazima.

Na vile havikumupata mwivi, vinaenda wapi? Kila kidonge kati ya vile 9 kinaweza kuua kikiwa peke yake. Ukuta wa matofali ya kuchoma unaweza kuvizuia. Mulango wa mbao, hapana. Dirisha, hapana. Tole, hapana. Na kule ku makambi ya wakrezeri, mahali watu wanalala ndani ya bashe na miti, hakuna kitu kinachozuia kitu. Kidonge kinapita nyumba ya kwanza, kinatafuta ya pili. Mu parseli zetu, nyumba tatu mu kiwanja kimoja, mupangaji upande huu, shemeji upande ule, ni nani iko nyuma ya yule mwivi? Huwezi kujua mpaka asubuhi.

Mutu atatujibu: basi naweka kartushi ya vidonge vidogo, ile ya ndege. Tuwakumbushe habari iliyozunguka dunia. Tarehe 11 Februari 2006, mu Texas, makamu wa rais wa Marekani, Dick Cheney, alikuwa anawinda kware pamoja na marafiki. Aligeuka kufuata ndege, akamupiga mwenzake, muzee Harry Whittington, wa miaka 78, usoni, shingoni na kifuani. Bunduki yake ilikuwa kalibre 28, ndogo kuliko 12, yenye kitako, mukononi mwa mutu aliyewinda miaka mingi, na giza lilikuwa halijaingia. Muzee alipona, aliishi mpaka 2023, lakini kidonge kimoja kilifika karibu na moyo. Kama pale kuliwezekana kumupiga rafiki, tufikirie saa nane ya usiku, SNEL imekata, na mutu anasukuma mulango.

Kuna tena sauti. Kalibre 12 inapita desibeli 150, na bomba likiwa fupi kelele inazidi. Mu chumba chenye tole juu na kuta nne, baada ya risasi ya kwanza hausikii tena. Hausikii mutoto analia wapi, hausikii jirani anaita jina lake ili usimupige. Wale mulioacha masikio yenu ku mine munajua haya si maneno ya bure.

Kwa nini basi wazungu wanaitengeneza?

Swali nzuri, na jibu lake linafundisha. Ku Marekani kuko sheria ya mwaka 1934 inayofunga bunduki zilizokatwa. Bunduki ya vidonge ya kupigwa begani ikiwa na bomba la chini ya sentimita 46 hivi, ama urefu wote chini ya sentimita 66, mutu anapaswa kuiandikisha ku serikali kuu, na mpaka mwisho wa 2025 alipaswa kulipa kodi pia. Mu 2017 kampuni Mossberg ilileta bunduki inayoitwa Shockwave: bomba la sentimita 36 na nusu, mushikio uliopinda, hakuna kitako. Urefu wote: sentimita 67. Remington ikafuata mwaka uleule na ya kwake.

Angalieni ile sentimita moja. Kwa kuwa haikutengenezwa kwa kupigwa begani, sheria yao haiiiti tena bunduki ya aina ile, na kwa kuwa inapita sentimita 66, haifungwi na kile kifungu cha silaha fupi. Yaani urefu wake uliamuliwa na wanasheria wenye metre mukononi. Hakuna mutu aliyekaa akauliza: mama wa nyumba aliyeamka usiku anaweza kuipiga vizuri? Umbo lile ni la kupita mu tundu la sheria ya Marekani, na sisi huku tunaliiga kama vile ni umbo la ushindi.

Tuwe wa haki. Bunduki fupi iko na kazi yake. Polisi na askari wa kule wanaitumia kuvunja bawaba na kufuli za milango: anayeibeba anapiga kufuli kwa karibu kabisa, halafu anaiacha ining'inie, anashika silaha yake ya kweli. Inaingia vizuri mu gari pia. Na kuko watu waliojifunza sana ambao wanaipiga vizuri. Lakini mutu wa namna ile akichagua kwa kulinda nyumba yake, mara nyingi anachagua yenye kitako, ju anajua. Na faida ya kukikata ni nini? Sentimita 25 hivi. Kwa sentimita 25 mutu ametoa bega, shavu, na risasi ya pili.

Ya fundi wa chuma ni hatari ingine

Mpaka hapa tumesema bunduki za kiwanda. Kwetu, nyingi zinazouzwa kwa siri si za kiwanda. Ni pupu, ya kufuliwa, bomba lake lilikuwa bomba la mayi ama chuma cha gari.

Hapa tunaongea na watu wa kompresa, basi tuongee na bar. Hewa inayosukuma perforatrice zenu ni bar 6 ama 7. Munajua namna flexible inakatika kwa hiyo bar 7, inavyopiga watu sawa nyoka. Kuko waliovunjwa miguu. Sasa kartushi ya kawaida ya kalibre 12 inaruhusiwa kufika bar 740 mu chumba chake, kwa kanuni za viwanda vya Ulaya. Mara mia moja ya kompresa yenu. Bunduki za kiwanda zinapimwa kwa kartushi kali zaidi ya hiyo mbele ya kuuzwa. Bomba la mayi lenye mushono wa kusudwa halikupimwa na mutu. Litavumilia mara tano, mara kumi, siku moja litafunguka kama ua. Na kwa kuwa hakuna kitako, ile bunduki iko wapi siku ile? Iko mbele ya uso, ama karibu na tumbo, mikono yote miwili imeizunguka.

Fundi hana ubaya wa moyo, pengine ni mutu wa kanisa. Lakini hakuna fundi wa kartie anayeweza kuona ndani ya chuma.

Ni nani atabaki nayo?

Sasa tufike ku jambo ambalo, kwa maoni yetu, lingepaswa kuwa la kwanza, na wanaume hawapendi kuliongea. Baba ananunua bunduki. Baba iko ku posti ya usiku, basi ilimuchukua saa tatu, atarudi asubuhi. Wevi wanajua mupango wa posti kuliko shefu wa ekipi. Kwa hiyo usiku ule wanakuja, mwenye kubaki na ile bunduki si baba. Ni mama, ama kijana wa miaka 15. Ile bunduki yenye teke kali kuliko zote, isiyo na bega, isiyo na shavu, tumemuwekea mutu ambaye hakuwahi kuipiga ata mara moja, ju kartushi ni bei na kupiga mu kartie ni kuita polisi. "Usiogope, iko chini ya kitanda." Huo ni muzigo tumemupa, tunauita ulinzi.

Tena, posti zinabadilika. Kuko siku mine inasimama, moto umekatika, ama kuko ajali, na baba anarudishwa saa saba ya usiku bila kupiga simu kwa sababu betri imekufa. Anaruka kizingiti cha parseli ju hataki kuamsha watu. Anasukuma dirisha la jikoni. Mama amesikia. Hatuendi mbele zaidi. Kila familia ya posti tatu inaweza kumaliza hiyo hadithi yenyewe.

Na mchana? Mchana bunduki iko palepale chini ya kitanda, imefichwa kwa kila mutu isipokuwa watoto, ambao njo wanajua kila kitu kilicho chini ya kitanda. Bunduki ndefu mutoto wa miaka sita anaikokota kwa shida, gasheti na mudomo wa bomba viko mbali. Fupi, anaishika yote.

Sheria, na macho ya polisi

Juu ya sheria tutasema kwa kifupi. Ordonanse-loi 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 inataka ruhusa ya mamlaka kwa mutu binafsi kuwa na silaha ya moto. Ya fundi haina karatasi, haiwezi kuwa nayo. Angalieni ata walinzi wa kampuni za gardiennage ku milango ya mine: mwenye bunduki pale ni polisi anayesimama karibu nao.

Mutu akisema "nilijilinda", juji atauliza: hatari ilikuwa pale, saa ile? Hakukuwa na njia ingine? Nguvu uliyotumia ilipita ile iliyokuja juu yako? Mwivi aliyepigwa mugongoni akiruka ukuta na radio, hilo si kujilinda mbele ya tribinali. Na mwenye kupiga kwa bunduki iliyokatwa, isiyo na karatasi, anaanza hiyo kesi akiwa tayari na kosa la pili mukononi.

Lakini kuko jambo linalotangulia tribinali. Patruye ya polisi inafika, hatimaye. Wamesikia risasi. Mu parseli wanaona mutu amesimama na bunduki fupi iliyokatwa. Ni nani anabeba bunduki iliyokatwa mu miji yetu? Wevi, ju wao njo wanahitaji kuficha. Yule polisi ni kijana, naye anaogopa, na hakujui jina. Una sekunde ngapi za kumweleza kwamba wewe njo mwenye nyumba?

Na mutu asifikiri kupiga juu hewani ni salama, "kwa kuogopesha tu". Tarehe 15 Novemba 2025, ku Kalando, mu Lualaba, daraja la site ya wakrezeri lilianguka, likaua watu wasiopungua 32. Ripoti ya SAEMAPE ilisema risasi za askari waliokuwa pale ziliwatia watu woga, wakakimbilia darajani kwa wingi, wakaanguka wakilundikana. Hatufananishi baba wa nyumba na askari wa Kalando, na ile habari inangoja majibu ya wakubwa wengine. Lakini mahali watu wamejaa, mulio wa bunduki peke yake unaweza kufanya kazi ya kifo, na kartie zetu zimejaa.

Basi tufanye nini?

Mwenye bunduki ya kuwinda yenye karatasi, aache kitako chake mahali pake. Asikubali fundi amushauri kuikata. Aiweke tupu ndani ya sanduku la kufuli, kartushi mahali pengine, ufunguo kwa mutu mumoja. Kama hataki kufanya hivyo ju "itachelewesha", basi nyumba yenye watoto haifai kuwa na bunduki, na tunasema hivyo bila kuzungukazunguka.

Kwa wengine wote, mwivi anatafuta franka kuliko roho. Kitu cha kwanza cha kuondoa mu nyumba ni franka yenyewe. Wakrezeri wanatuambia: depo inalipa kesh, simu inakula asilimia. Ni kweli, na waendeshaji wa M-Pesa, Airtel Money na Orange Money wangepaswa kuangalia hiyo bei kwa watu wa mine. Lakini pimeni ile asilimia mbele ya bei ya kalibre 12, kartushi, na lopitalo. Ekipi inayouza pamoja inaweza kugawana palepale na kila mumoja akatuma yake mbele ya kupanda moto. Anayerudi na mifuko mitupu, na kartie nzima inajua anarudi na mifuko mitupu, amejikinga kuliko mwenye bunduki.

Halafu mulango. Tunashangaa kuona nyumba yenye televizio ya plasma na mulango unaoshikwa na kitasa cha dola tatu. Chuma cha kulala nyuma ya mulango, kikiingia mu ukuta pande mbili, fundi yuleyule wa bunduki anakifanya kwa siku moja, na hicho hakimulipukii mutu. Taa ya solere inayowaka mutu akipita. Mubwa, hata mudogo, asiyefungwa usiku. Filimbi kwa kila nyumba ya avenue na mapatano kwamba filimbi moja inaamsha masufuria yote: wevi wa watatu ama wane hawapendi kelele ya nyumba thelathini. Mama na watoto wawe na chumba kimoja kinachofungwa kwa ndani, simu iliyojaa moto, na namba ya jirani, ya shefu wa kartie na ya komisaria imeandikwa ukutani, si mu simu ya baba peke yake.

Kuko tena upande wa kampuni, na hapa wasindika muko na kazi. Siku na saa ya kulipa si lazima zijulikane na muji muzima. Mu mazungumuzo ya delege za wafanyakazi, tunasikia mengi juu ya primu na mufuko wa unga, ni haki. Lakini swali la basi ya posti ya usiku kumuacha mutu ku barabara kubwa, kilometre mbili na kwake, saa nne na nusu ya usiku, na swali la familia kupewa namba moja ya kampuni ya kuuliza "bwana yangu ametoka ku posti ama bado?", hayo tunayasikia kidogo sana. Namba ile moja, ikijibiwa usiku, ingemuwezesha mama kujua ni nani anasukuma dirisha la jikoni.